Uteja wa Heroini ni Maradhi, na Maradhi Hutibiwa

(Hotuba ya mwalimu wa shule ya msingi mbele ya Kamati ya Wakimbizi, wazazi, vijana na wafanyakazi wa mashirika, katika wiki ya kumbukumbu)



Kamati imenipa nusu saa. Wiki hii ina siku mbili kubwa. Tarehe 20 Juni ni Siku ya Wakimbizi Duniani. Tarehe 26 Juni ni Siku ya Kimataifa ya Kupiga Vita Madawa ya Kulevya, iliyowekwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwezi Desemba 1987. Siku ya kwanza tunaimba, tunacheza ngoma, na wageni wanapiga picha. Ya pili hupita kimya. Mwaka huu Kamati imeamua isipite kimya, na sababu yake mnaijua wote.

Katika mkutano wa zoni uliopita lilitolewa pendekezo kwamba kijana yeyote atakayekamatwa na unga afungwe kamba, achapwe mbele ya watu, na jina la familia yake lisomwe kwenye kituo cha mgao. Waliotoa pendekezo hilo ninawaheshimu. Wapo walioibiwa sufuria, wapo walioibiwa blanketi, na yupo mama aliyeibiwa hata mahema ya plastiki juu ya nyumba yake usiku wa mvua. Hasira yao ni ya haki. Lakini Kamati haijapiga kura bado, na kabla haijapiga naomba tukijue kitu tunachotaka kukipiga.

KITU CHENYEWE NI NINI

Lugha yetu ya Kiswahili ina neno la zamani: kasumba. Wengi wetu tunalijua kwa maana ya mawazo mabaya yaliyopandwa kichwani mwa mtu hata asione kuwa si yake. Ndiyo maana husemwa kasumba ya kikoloni. Lakini maana ya kwanza ya kasumba ni afyuni, yaani utomvu unaotoka katika tunda bichi la mpopi likichanjwa. Wazee wa Kiswahili waliona kwamba mawazo ya kutawaliwa humshika mtu kama utomvu huo unavyomshika, wakatumia neno moja kwa yote mawili.

Katika kasumba hutolewa mofini, dawa ya maumivu ambayo mfamasia Mjerumani Sertürner aliitenga mwanzoni mwa karne ya 19. Mwaka 1874, mjini London, mkemia Wright alibadili mofini akapata kitu kikali zaidi. Mwaka 1898 kampuni ya Bayer ya Ujerumani ilianza kukiuza kwa jina la heroini, kama dawa ya kikohozi. Naam, ndugu zangu, dawa ya kikohozi. Waganga wengi wakati ule waliamini kwamba haitawafanya watu kuwa watumwa kama mofini ilivyofanya. Miaka haikuwa mingi wakaona wenyewe kwamba walikosea. Basi kama madaktari wenye maabara walidanganyika, tusishangae kijana wa miaka 17 akidanganyika kando ya barabara.

Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya mipopi ya dunia ililimwa Afghanistan. Utawala wa huko ulipiga marufuku kilimo hicho mwezi Aprili 2022, na mwaka 2023 mashamba yalipungua kwa kadiri ya asilimia 95. Hata hivyo biashara yenyewe haijafa. Kutoka pwani ya Iran na Pakistan majahazi yamekuwa yakileta unga hadi mwambao wetu wa Afrika Mashariki. Mwezi Aprili 2014 manowari ya Australia ilikamata jahazi moja nje ya Mombasa likiwa na kilo 1,032 za heroini. Kilo elfu moja katika chombo kimoja! Unga huo unapopita kuelekea Ulaya, mwingine hubaki njiani. Njia inakopita ndiko wateja wapya wanakozaliwa: Mombasa na Malindi, Zanzibar, Dar es Salaam, kisha miji ya bara.

Ukiusikia unaitwa unga, au kete kwa kile kifurushi kidogo, au kwa jina la Bujumbura, "boost", ni kitu hicho hicho.

NYAKABIGA NA SISI

Mimi ni mtoto wa Nyakabiga. Waliokulia huko wanaijua mitaa yetu, nyumba zimebanana, upande mmoja Bwiza, upande mwingine mto Ntahangwa na chuo kikuu cha Mutanga ng'ambo. Vijana wa Nyakabiga walikuwa na ligala zao, pale wanapokaa jioni kujadili mpira, muziki na kazi isiyopatikana. Ligala haikuwa mahali pa uovu. Wengi wetu tulijifunza maisha pale.

Mwezi Aprili 2015 yakaanza maandamano, na Nyakabiga ilikuwa katika mitaa iliyowaka. Mwezi Desemba mwaka ule watu waliamka asubuhi wakakuta maiti barabarani. Sitaingia katika siasa, hapa si mahali pake. Nasema tu kwamba Warundi zaidi ya 400,000 walivuka mipaka katika miaka ile, na vijana wetu walivuka na mambo waliyoyaona yakiwa ndani ya macho yao.

Waliotufuata miaka ya baadaye walikuja na habari ya "boost". Wengine walikuja nayo mwilini. Sisemi vita ndivyo vilivyoleta unga, maana unga una wafanyabiashara wake na njia zake, na umeshika watoto wa matajiri katika nchi zenye amani. Lakini mtu asiyelala usiku kwa sababu ya aliyoyaona, akipewa kitu kinachomlaza, atakirudia. Hilo halihitaji shahada kulielewa.

JINSI KINAVYOMSHIKA MTU

Wanafunzi wangu huniuliza: Mwalimu, kwa nini asiache tu? Huwajibu kwa mfano wa hapa hapa kambini.

Chukua mkulima mwenye shamba lake. Ukimletea unga wa sembe kila siku mlangoni, bure, zaidi ya anaohitaji, ataacha kulima. Shamba litakuwa pori. Siku mgao utakapokatwa, hana unga na hana shamba. Sisi tuliowahi kupunguziwa mgao tunajua siku hiyo inavyokuwa.

Mwili wa binadamu una shamba lake. Ubongo hutengeneza vitu vyake vya kutuliza maumivu na kuleta raha kidogo, ile unayoisikia ukimaliza kazi ngumu au ukimkumbatia mtoto. Heroini huingia katika milango ile ile ya ubongo, lakini kwa wingi kupita kiasi. Ubongo ukizoea, huacha kulima. Hapo yanatokea mambo matatu.

Kwanza, kipimo cha jana hakitoshi leo. Mwili umezoea, lazima aongeze.

Pili, akikosa, anaugua. Vijana wa pwani huita hali hiyo arosto. Huanza saa 6 hadi 12 baada ya kipimo cha mwisho: miayo, kamasi, machozi, jasho, vipele vya baridi. Kisha tumbo hukata, anatapika na kuharisha, miguu inauma hata hawezi kuituliza, usingizi hakuna. Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya zaidi. Baada ya wiki moja hivi mwili hutulia, lakini huzuni na kukosa usingizi huweza kukaa miezi.

Tatu, hata mwili ukitulia, hamu hubaki. Akipita mahali alipokuwa akitumia, au akikutana na rafiki wa zamani, au akipata msiba, hamu huamka. Ndiyo maana wataalamu wanauita uteja ugonjwa sugu, wa kurudirudia, kama kisukari au shinikizo la damu. Mgonjwa wa kisukari sukari yake ikipanda tena hatumfungi kamba. Tunamrudisha zahanati.

Mtu akifikia hapo hatumii tena kwa kutafuta raha. Anatumia asiugue. Sufuria ya jirani anaiba kwa ajili ya saa sita zijazo. Kumwelewa hivyo si kusema wizi ni halali. Aliyeiba alipe. Lakini tukitaka wizi uishe, tutibu kinachousukuma.

KAMBA NA FIMBO

Sasa nijibu pendekezo lenyewe. Nitaeleza jambo moja lililotokea, kwa ruhusa ya mama mwenye mtoto, na jina silitaji.

Kijana mmoja wa mtaa wetu, fundi wa kuchomelea, alishikwa na "boost". Aliuza vyombo vya kazi, akauza sahani za mama yake. Wajomba wakakutana, wakamchukua mpaka kijijini, wakamfunga chumbani. Aliumwa, akalia, akatukana, halafu akatulia. Walimkalisha miezi miwili. Akanenepa, akarudi kusali. Wajomba wakasema: amepona. Wakamrudisha mjini. Siku ya tatu alikutana na wenzake akatumia kiasi kile kile alichokuwa akitumia zamani. Walimkuta asubuhi amekufa.

Wajomba walimpenda, tena sana. Jambo ambalo hakuna aliyewaambia ni hili: baada ya majuma machache bila unga, mwili husahau mazoea. Kipimo alichokuwa akikimudu kinakuwa sumu ya kumuua. Hatari hiyo ndiyo kubwa kabisa kwa anayetoka gerezani, anayetoka kufungwa na ndugu, na hata kwa anayetoka katika nyumba ya kutunza mateja. Kwa hiyo kamba ilimaliza arosto, haikumaliza ugonjwa, na ikamwacha bila kinga.

Fimbo nayo ina madhara mengine. Anayechapwa mbele ya watu hatajitokeza tena. Atatumia porini, peke yake, na akizidiwa hapatakuwa na mtu wa kupiga kelele. Atatumia sindano ya mwenzake kwa sababu anaogopa kuonekana akitafuta mpya, na sindano hiyo itapitisha virusi vya UKIMWI na homa ya ini. Ana mke, au ana mchumba. Ugonjwa uliojificha porini utarudi nyumbani. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sheria ya fimbo itatufundisha sote kuficha maradhi.

Na jina la familia likisomwa kwenye mgao, mama ndiye atakayeaibika kwanza, mama yule yule tunayemtegemea amlete mtoto kwenye matibabu.

DAWA IPO

Wengi wanasema hakuna dawa. Ipo, na imejaribiwa karibu na sisi.

Inaitwa methadoni. Ni dawa ya maji inayonywewa mara moja kwa siku mbele ya muuguzi. Inaingia katika milango ile ile ya ubongo, lakini polepole, na hukaa siku nzima na zaidi. Mgonjwa haumwi arosto, halewi akipewa kipimo sahihi, na hamu inapungua. Anaweza kwenda kazini. Dawa nyingine ya kundi hilo ni buprenofini. Shirika la Afya Duniani liliziingiza zote mbili katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2005.

Mauritius ilianza kutoa methadoni mwaka 2006. Tanzania ilianza mwezi Februari 2011 katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, kisha Mwananyamala na Temeke, na baadaye mikoa mingine kama Mbeya na Dodoma. Kenya ilianza Desemba 2014 katika hospitali ya Mathari, Nairobi, halafu pwani. Uganda ilifungua kliniki yake Butabika mwaka 2020. Zanzibar ina pia nyumba za upataji nafuu, ambazo zilianza mwaka 2009, ambako waliokwisha kuacha huwasaidia wanaoanza kuacha. Wanakaa pamoja, wanapika pamoja, kila mmoja anasema ukweli wake mbele ya wenzake.

Najua swali litakalokuja: Mwalimu, hiyo si kubadilisha unga kwa unga? Ni swali zuri. Heroini ya mtaani humpandisha na kumwangusha mtu mara tatu au nne kwa siku, na hajui imechanganywa na nini. Methadoni haimpandishi wala haimwangushi. Kipimo anakijua daktari. Mtu akiwa hakimbizani na arosto, ndipo anapopata nafasi ya kusikia ushauri, kurudiana na ndugu, kujifunza kazi. Wengine huitumia miaka mingi, wengine huipunguza kidogo kidogo mpaka wakaiacha. Hiyo ni kazi ya daktari na mgonjwa, isiwe ya majirani.

Dawa peke yake pia haitoshi. Aliyeona maiti ya kaka yake barabarani anahitaji mtu wa kuzungumza naye. Sala inasaidia, nami ni mtu wa sala. Lakini padri, mchungaji na shehe wamshike mkono mgonjwa wakielekea naye zahanati.

Neno kwa kina mama: mwanamke mjamzito anayetumia asiachishwe ghafla nyumbani. Arosto inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Apelekwe kwa mkunga au daktari, aseme ukweli, na asitukanwe.

MTU AKIZIDIWA

Jambo hili kila mtu alishike, hata watoto wa darasa la sita. Aliyezidiwa na heroini haamki ukimwita wala ukimtikisa. Anapumua polepole sana au anakoroma kwa shida. Midomo na kucha vinageuka rangi ya bluu au kijivu. Mboni za macho ni ndogo kama ncha ya sindano. Kinachomuua ni kukosa pumzi. Fanyeni hivi:

1. Piga kelele ya msaada, mtu akimbie zahanati.
2. Mlaze chali, inua kidevu, toa kilichoziba mdomoni. Kama hapumui, mbane pua umpulizie pumzi mdomoni, moja kila baada ya sekunde tano.
3. Akianza kupumua, mlaze ubavu ili akitapika asisongwe na matapishi.
4. Msimmwagie maji, msimnyweshe maziwa wala chumvi, msimwache peke yake.

Zahanati inaweza kumpa naloksoni, dawa inayoiondoa heroini katika milango ya ubongo kwa dakika chache. Nguvu ya naloksoni huisha mapema kuliko ya heroini, kwa hiyo hata akiamka na kutaka kuondoka, akae chini ya uangalizi.

VIDONGE VYA MAUMIVU

Kasumba haiji kwa njia ya kete tu. Tramadoli na dawa za kikohozi zenye kodeini ni ndugu wa ukoo huo huo. Zikinywewa kwa maagizo ya daktari ni dawa. Zikinunuliwa sokoni moja moja ili kubeba matofali bila kuchoka au kupata usingizi, zinazoesha, na tramadoli nyingi huleta degedege.

Lakini tusiogope dawa za hospitali kupita kiasi. Mgonjwa wa saratani ana haki ya kufa bila mateso. Uganda, kwa juhudi za Dakta Anne Merriman aliyeanzisha Hospice Africa mwaka 1993, hutumia mofini ya maji kwa wagonjwa kama hao, na tangu mwaka 2004 hata wauguzi waliofundishwa wanaruhusiwa kuiandika. Bibi yako akipewa mofini kwa uvimbe wa saratani, usimnyang'anye kwa hofu. Ifungie sandukuni, mpe kama ilivyoandikwa.

MAOMBI YANGU

Kwa Kamati: pendekezo la kamba na fimbo liondolewe. Mahali pake tuweke utaratibu huu: aliyeiba ashitakiwe kwa wizi kama mwizi mwingine yeyote, na anayeugua apelekwe zahanati akifuatana na mzee mmoja wa kijiji chake. Sungusungu wafundishwe dalili za kuzidiwa, maana wao ndio wanaotembea usiku. Anayewauzia watoto unga, huyo akabidhiwe polisi.

Kwa wafanyakazi wa mashirika: mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani na UNHCR walitoa pamoja mwongozo wa huduma za afya ya akili wakati wa dharura, na ndani yake mna sura ya pombe na madawa ya kulevya. Tunaomba mwongozo huo ufanye kazi kambini kwetu. Tunaomba naloksoni iwepo zahanati, na muuguzi wa zamu ya usiku ajue kuitumia. Na tunaomba jambo gumu zaidi. Methadoni hunywewa kila siku, na mkimbizi hutoka kambini kwa kibali. Mgonjwa hawezi kuomba kibali kipya kila alfajiri. Ama dawa iletwe karibu, ama kipatikane kibali cha muda mrefu kwa mgonjwa aliyeandikishwa. Bila hilo, tutakuwa tunamwonyesha mwenye kiu kisima kilicho nyuma ya uzio.

Kwa wazazi: mkigundua mtoto anatumia, msimfukuze. Muulizeni anatumia nini, mara ngapi, kwa sindano au kwa moshi. Majibu hayo daktari atayahitaji.

Kwa wanaorudi nyumbani: tangu mwaka 2017 wenzetu wengi wamejiandikisha kurudi Burundi kwa hiari. Kijana aliyekaa kambini bila unga akirudi Bujumbura na kukutana na ligala yake ya zamani, yuko katika hatari ile ile iliyomuua fundi wetu. Aambiwe kabla hajapanda gari. Na ajue kwamba mjini Bujumbura kipo Kituo cha Magonjwa ya Akili cha Kamenge, mahali pa kuanzia kuuliza.

Na kwenu vijana mliosimama huko nyuma: baadhi yenu mmenisikiliza mkiangalia chini. Sikuwataja, wala sitawataja. Darasa la nne, chumba cha mwisho, huwa wazi baada ya saa tisa. Atakayekuja nitafuatana naye mpaka zahanati, na nitamsubiri nje mpaka atoke.

Ndugu Mwenyekiti, kura ni yenu.